Utendi wa Mwana Kupona: Hashima hakuwa peke yake nyumbani

Mhariri,

Mjadala juu ya Utendi wa Mwana Kupona, shairi refu la mama kumuusia bintiye, hauishi, na kila ukizuka pande ni zilezile. Wako wanaoushika kama mwongozo wa ndoa. Wako wanaomlaumu mtunzi kwa kumfunga bintiye katika utii, kwa kuwa anamhesabia radhi tano: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya mume. Nafundisha fasihi, na hoja hizi nazisikia darasani kila mwaka. Kinachoniuma ni kwamba pande zote mbili zinamjadili mwanamke mmoja tu, binti huyo, Mwana Hashima.

Tuusome tena. Mwana Kupona, mzaliwa wa Pate na mjane wa Bwana Mataka wa Siu, aliutunga mwaka 1858 akiwa mgonjwa. Anamuusia bintiye hivi:

Sitangane na watumwa
ila mwida wa khuduma

Asichangamane nao ila wakati wa kazi, wasije wakamponza. Mbele anaeleza mume anavyotunzwa: akilala asiamshwe, apapaswe, wala asikose mtu wa kumpepea. Mtu huyo ni nani? Huenda ni Hashima mwenyewe, huenda ni kijakazi aliyesimama na pepeo usiku kucha. Utendi hausemi, na sisi wahakiki hatuulizi. Hashima anaambiwa pete zisimtoke vidoleni wala hina isimkauke. Katika nyumba za kiungwana za wakati ule, nyuma ya mikono ya namna hiyo walikuwapo wanawake wengine waliochota maji na kutwanga. Wao hawakuusiwa na mama kuhusu radhi ya mume. Walikuwa mali ya watu. Utumwa ulikuja kufutwa kisheria Unguja mwaka 1897, na pwani ya Kenya mwaka 1907, karibu miaka 50 baada ya utendi.

Uhakiki wa kifeministi unaomtetea mwungwana na kumpita kijakazi haujamtetea mwanamke. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu nyenzo za kufanya vizuri zaidi tunazo. Mwaka 1989 Sarah Mirza na Margaret Strobel walichapisha masimulizi ya maisha ya wanawake watatu wa Mombasa, na mwaka 1991 yakatoka kwa Kiswahili kwa jina la Wanawake Watatu wa Kiswahili. Bi Kaje anatoka katika ukoo wa waungwana waliomiliki watumwa, Mishi wa Abdala ni mzao wa watumwa. Wanasema wenyewe, kwa lugha yao. Strobel tena, katika utafiti wake juu ya Mombasa, anaeleza kuwa mafunzo ya makungwi yalitoka kwa wanawake wa asili ya utumwa, baadaye waungwana nao wakaingia. Kwa hiyo mabinti wa kiungwana walikuja kufundwa na walewale ambao Mwana Kupona alimwonya bintiye asikae nao!

Nawaomba watunga mihtasari, na wahakiki wanaoandika humu gazetini, wayaweke masimulizi hayo pamoja na utendi katika somo moja. Na swali la mtihani lisiishie kwenye nafasi ya mke kwa mumewe. Mwanafunzi aulizwe pia ni nani mwingine aliyekuwamo nyumbani mle, na kazi yake ilikuwa ipi.

Mwalimu wa Fasihi,
Malindi