Wale beta wangu wa porini

Rehema shoga angu,

Mambo? Za Mwanza? Uliniuliza mbona samaki wangu hawana mapezi marefu kama beta, wale samaki wadogo wa mapambo wa dukani, nikaona meseji hazitatosha bora nikuandikie kabisa.

Hawa ni wa porini, wanaitwa Betta imbellis, kwao ni Malaysia na kusini mwa Thailand, wanakaa kwenye mitaro na majaruba ya mpunga, maji yametulia na majani kibao. Dume akiwa katulia utasema mweusi tu, sasa subiri akunjue mapezi mbele ya jike, yaani anawaka bluu na kijani halafu ukingoni mwa mkia ana utepe mwekundu umejipinda kama mwezi mwandamo. Mi nakwambia ukweli wale wenye mapezi marefu siwataki tena, mkia unawaelemea mpaka kuogelea shida. Hawa wangu dume na jike wako tenki moja, wanakoromeana kidogo basi, ila lazima uwawekee mimea ya kujificha.

Na ile rangi ya maji uliyoiona kwenye picha sio uchafu, ni majani ya mti wa mkungu! Huko nje wafugaji wanayanunua kwenye pakiti, sisi huku Dar tunayafagia na kuchoma moto. Mi naokota yaliyodondoka yenyewe, yamekauka, naosha natumbukiza mawili matatu, maji yanakuwa kama chai ya rangi na ndo waliyoyazoea kwao. Juzi dume kajenga kiota cha povu chini ya jani linaloelea, jike akitaga yeye anadaka mayai kwa mdomo anayapandisha kwenye povu, likidondoka moja analifuata mpaka chini analirudisha, jike akisogea anafukuzwa. Nilikaa hapo mpaka shingo ikauma.

Maji ya kisima hapa Sinza yana chumvi kwa hiyo nakinga ya mvua, ya bomba nayaacha kwanza kwenye ndoo klorini itoke. Umeme ukikatika sina presha maana wanapanda juu kuvuta hewa wenyewe. Mfuniko ndo usicheze nao, wanaruka hawa, ila acha nafasi ya hewa kati ya mfuniko na maji. Chakula wanapenda viluwiluwi vya mbu, nachota kwa chujio la chai nawapa kidogo kidogo wamalize vyote visije vikageuka mbu ndani.

Kitu kimoja nakusihi shoga angu, we uko karibu na ziwa, wakizaana wakakuzidi usiwamwage humo hata mmoja. Sangara aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na furu, vile visamaki vidogo vya ziwani, aina ngapi zimepotea, wa kwetu wenyewe, hawapatikani popote pengine duniani. Bora unipigie tutafute wa kuwachukua.

Niambie tenki lako ni lita ngapi, ikifika 40 jozi moja inatosha, na majani nimeshakuanikia mfuko mzima nitampa mdogo wako akija.

Wako,
Neema