Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Tanga, hii mikoko tunailipia sisi

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, shikamoo, na pole na majukumu.

Naandika huku mtandaoni kwa sababu barua za karatasi tushapeleka kwenye ofisi kadhaa, zinapokelewa vizuri tu, zinagongwa mhuri, halafu kimya. Huku najua hata usiposoma wewe atasoma msaidizi wako au shemeji yako, itafika tu, Tanga hii mji wa kujuana. Mi ni mama wa huku pwani ya jiji, jioni nakaanga samaki nauza, asubuhi maji yakitoka naingia topeni na wenzangu tunapanda mikoko. Jina la kikundi silitaji maana nikilitaja itaonekana natafuta kiki, na isitoshe vikundi kama chetu viko vingi, kuanzia Moa kule Mkinga mpaka Pangani, akina mama watakaosoma hapa watajijua.

Jambo langu ni moja ila lina matawi. Pwani hii wanaoigharamia wengi ni wanawake, na wanaokaa kuamua habari zake wengi sio wanawake. Sisi tunaitwa siku ya kupanda, tunaitwa kuimba, tunaitwa kupika. Siku ya kuamua tunaisikia kwenye gari la matangazo likipita.

Nianze na hela maana ndo watu hawaijui. Kikoba kila mtu anakifahamu, kuna hisa na kuna mfuko wa jamii ule wa msiba, mgonjwa na mzazi. Sisi tukaongeza wa tatu tukauita mfuko wa pwani, kila mama anatoa mia tano kila kikao, na asiyekuwa nayo hafukuzwi, anakuja kujaza udongo kwenye viriba, vile vifuko vya kuoteshea miche, siku ya kazi na tunamhesabia katoa. Hakuna mradi uliotutuma, hakuna posho, hakuna semina ya hotelini. Hiyo mia tano ndo inanunua viriba, inalipa mtumbwi wa kufuata mbegu ng'ambo, inapika uji, na inamtoa kijana mmoja kidogo alinde usiku maana wakata boriti hawaji mchana. Yaani mama anauza vitumbua, katika faida ya vitumbua anakata ya pwani kabla hajanunua sukari ya kwake. Akitoa tajiri mnaandaa hafla na hundi kubwa ya kuchora, anapigwa picha ameishika. Akitoa muuza vitumbua mnasema anajitolea, wala haiandikwi popote.

Kuna bibi yetu mmoja, mtu mzima sana, topeni hawezi kuingia tena, magoti yanamsumbua. Akatupa uwanja wa nyuma ya nyumba yake tuweke kitalu. Tukamwambia bibi tukupe japo kodi kidogo, akatufokea kwelikweli, akasema nyie mnataka kuninyang'anya thawabu zangu, hamjui hadithi ya Mtume kwamba mwenye kupanda mti akala humo ndege au mtu au mnyama inakuwa kwake ni sadaka? Basi kaa wanakula mizizini, ndege wanalala juu, bibi anahesabu. Nimeileta hii kwa sababu kila nikisikia wataalamu wanasema wanawake wa pwani wahamasishwe kuchangia mazingira nashindwa nicheke au nilie. Tuhamasishwe na nani tena.

Sasa kupanda kwenyewe. Mkoko wenyewe hauna haja ya kiriba, ile mbegu yake ndefu ya kijani unaokota iliyoiva ikadondoka chini ya mama yake, unaangalia isiwe imetobolewa na wadudu, unaichomeka topeni kama theluthi hivi, ncha chini, kichwa juu, unasogea hatua moja unachomeka nyingine. Mchu na mlilana, nayo ni miti ya jamii ya mikoko, ndo hutaka kukuzwa kwanza kitaluni. Na kila mmoja ana pake, mlilana unakaa mbele kabisa unakopigwa na bahari, mkoko nyuma yake, mkandaa na mchu kwenda huko juu karibu na nchi kavu. Ukiwachanganya wanakufa, huna wa kumlaumu. Haya hatukufundishwa darasani, wanawake wa huku tumekuwa tukiokota kombe na kuni humo tangu wasichana, tunajua tope gani linashika mguu mpaka gotini na lipi ni mchanga tu umefunikwa juu juu.

Walikuja wageni siku moja, ofisi sitaitaja. Magari, maturubai, spika, tisheti na kofia, na sisi tukapewa kanga za sare tukaambiwa tusimame upande ule. Wakachagua kupanda kwenye mchanga mweupe pale mbele kwa sababu pana mwanga mzuri. Kiongozi wetu akawaambia kwa heshima zote, baba zangu hapa kusi, ule upepo wa kusini, likiingia halitabaki kitu, twendeni nyuma kule kwenye tope. Wakasema mama ratiba imebana. Wakachomeka, na wengine walichomeka kichwa chini miguu juu, wallahi, mpaka vijana wakawa wanacheka pembeni. Kusi likaingia. Hakuna hata mmoja uliobaki pale. Lakini ripoti tuliiona baadae kwenye simu, miche imehesabiwa yote kama ilivyotoka kwenye gari, na kiongozi wetu yumo kwenye picha, nyuma, kashika ndoo.

Mheshimiwa, mi naelewa lengo la kila halmashauri kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka, na siwalaumu maafisa wanaokimbizana na hiyo namba. Tatizo ni kwamba namba inahesabu mkono uliochomeka, haihesabu mti uliosimama. Na kuna kazi nyingine wala haina kupanda. Huku kuna mashamba ya chumvi ya zamani yaliyotelekezwa, matuta yake yanazuia maji kuingia, mikoko iliyokuwa nyuma ikakauka. Ukibomoa tuta sehemu mbili tatu maji ya bamvu, yale makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, yakaanza kuingia na kutoka, mbegu zinaletwa na bahari yenyewe, miche inaota bila mtu kushika. Kazi ya majembe tu. Lakini ukiipeleka ofisini wanauliza mmepanda mingapi, unajibu hatujapanda, basi haujafanya kitu.

Marehemu Wangari Maathai hapo jirani Kenya alipoanzisha lile vuguvugu la Ukanda wa Kijani mwaka 1977 hakuwa na ujanja mkubwa, wanawake wa vijijini waliotesha miche, na mama alilipwa kidogo kwa kila mche uliopona. Uliopona mheshimiwa. Mpaka anapewa Tuzo ya Nobel ya Amani 2004, mwanamke wa kwanza Afrika kuipata, miti ilishapita milioni 30. Ile hela ilikuwa ndogo lakini ilimfanya mama arudi kuangalia mche wake, na ilimfanya ajue kuhesabu na kuandika daftari, na kutoka hapo akajua kuuliza kwanini bustani ya umma inataka kujengwa ghorofa. 1989 serikali ya kule ilipotaka kusimamisha jengo refu Uhuru Park ni huyu huyu mama alikataa, akatukanwa mpaka bungeni, na jengo halikusimama. Kiongozi hutokea hivyo, kwenye semina ya siku mbili sijamuona akitokea.

Na wala usiende mbali. Gazi, kaunti ya Kwale, ng'ambo tu hapo ukivuka mpaka wa Horohoro, wanakijiji wana mradi wa Mikoko Pamoja, hekta 117, tangu 2013 wanauza hewa ya ukaa, yaani wanalipwa kwa hewa chafu ambayo mikoko yao inainyonya na kuitunza, hela inarudi kijijini, wamevuta maji, wamenunua vitabu vya shule. Na akina mama wa Gazi wana njia yao ya mbao katikati ya mikoko, wageni wanalipa kupita. Baadae na Vanga wakafuata, pale mpakani kabisa, watu ambao tunaoana nao. Mikoko ni ile ile, bahari ni ile ile, lugha ile ile.

Hapa ndo naomba unisikilize vizuri, maana serikali yetu nayo ilitoa kanuni za biashara ya kaboni, ndo hiyo hewa ya ukaa, 2022 na watu wa kaboni watafika Tanga, kama hawajafika. Watakuja na makaratasi mazito. Siku hiyo nani atakaa mezani? Kama ni yule mwenyekiti mwanaume ambae vikundi vya wanawake huambiwa vimuweke ili avisemee, basi tutasaini mkataba wa miaka mingi na mlinzi wa mikoko atakuwa hajausoma. Tunaomba mapema, kabla hajaja mtu, mkoa utuletee mwanasheria akae na sisi siku nzima kwa Kiswahili, na kamati yoyote ya fukwe itakayosaini kitu cha mikoko iwe na wanawake nusu, wa kutoka vikundi vinavyofanya kazi, sio wake za wajumbe. (Samahani wake za wajumbe, najua mpo wachapakazi.)

Vikao navyo. Mnaita vikao saa nne asubuhi. Mheshimiwa, Tanga siku za bamvu saa nne asubuhi ndo maji yametoka, huo ndo muda mwanamke wa pwani yuko kazini, wa mwani kwenye mwani, wa pweza mwambani, wa mikoko topeni. Anaebaki kijiweni saa hiyo ni nani, unamjua. Halafu mnaandika wanawake hawajitokezi. Wekeni saa tisa alasiri muone ukumbi utakavyojaa, au mtu wa ofisini aangalie tu kalenda ya mwezi kabla hajapanga tarehe, haihitaji bajeti.

Kuhusu ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri inayokopeshwa vikundi, wanawake 4, vijana 4, wenye ulemavu 2, tunashukuru imerudi baada ya kusimamishwa 2023, na wenzetu wamekopa wanafuga nyuki kwenye mikoko na asali inatoka nzuri. Lakini mkopo wa kupandia mikoko siutaki na nitawashauri wenzangu wasiuchukue. Mkoko haulipi marejesho ya kila mwezi. Kinachotakiwa ni kifungu kidogo kwenye bajeti, kiwe cha kulipa mti uliopona baada ya mwaka, uhesabiwe na mtu wa misitu akiwa na mama mwenye daftari. Na sisi mia tano yetu hatuiachi, tunachotaka iandikwe kwamba ni mchango, ili mkisema mradi wa pwani umegharimu kiasi fulani na ya kwetu iwemo. Na usiniambie hela hakuna, mji huu huu 2024 mamlaka yetu ya maji iliuza hatifungani ya kijani, yaani ilikopa kwa watu kwa ajili ya mradi wa mazingira, ya shilingi bilioni 53.12, watu wakanunua, kwa ajili ya maji ya Mto Zigi. Tanga ikitaka kuchanga inachanga.

Mkoa unabadilika haraka, bandari imeongezwa kina, Chongoleani linashuka bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima kule Uganda, mi sina ugomvi na maendeleo, kijana wangu anatafuta kazi huko huko. Silikanti, samaki ambae dunia ilidhani alishatoweka, katangaziwa hifadhi yake 2009, hongera zake. Sisi tunaomba kiti tu.

Bamvu la mwezi mpya ujao tutakuwa topeni kama kawaida, kuanzia saa tatu. Karibu uje mwenyewe. Vaa viatu vya kufunga kamba maana tope linavua ndala, na ukiweza uje bila spika. Ukishindwa mtume afisa, ila awe anaeweza kujibu swali, asiwe mpiga picha peke yake. Tutamuonesha ile iliyopona na iliyokufa yote, na pale kwenye tuta la chumvi tunapotaka kibali cha kubomoa, barua yake ishagongwa mhuri na nakala ninayo.

Wasalaam,
Mama wa kikundi cha mikoko, Tanga