Barua ya wazi kwa Waziri: paa jipya haliongezi treni hata moja

Mheshimiwa Waziri,

YAH: MPANGILIO WA KAZI ZA KUBORESHA STESHENI KUU YA JIJI

Kwa heshima, tunakuandikia kuhusu michoro ya stesheni kuu iliyowekwa hadharani. Paa la vioo tumeliona, maduka tumeyaona, ngazi za umeme tumeziona. Tulichokitafuta bila kukipata ni zile mita 400 za reli kabla ya majukwaa, pale njia mbili zinapogawanyika kuwa kumi. Sisi wapanga ratiba na mafundi wa ishara tunapaita shingo, na kila treni inakabwa hapo.

Hesabu yake si ngumu. Stesheni hii ni ya mwisho wa reli: treni huingia kwa kichwa na kutoka kwa mkia. Abiria washuke, dereva ahamie upande wa pili, breki zipimwe, abiria wengine wapande. Tuseme dakika 20, na nyingine 4 za hii kutoka na ile kuingia. Jukwaa moja basi linahudumia treni mbili na nusu kwa saa, na majukwaa kumi treni 25. Lakini kati ya zile njia mbili za shingoni, ya kuingilia ni moja, na treni zikifuatana kwa dakika 3 haziwezi kuzidi 20. Ukijenga jukwaa la kumi na moja umepata mahali pa kuegesha, basi. Tena hizo 20 ni za kwenye karatasi, kwa sababu treni inayokwenda jukwaa la upande wa pili hukata mbele ya inayotoka, na mojawapo lazima isubiri.

Dawa ya kwanza ni pointi, vile vipande vya reli vinavyosogea kuelekeza treni. Pointi za zamani zenye kona kali hupitwa kwa kilomita 25 kwa saa. Treni ya mita 200 haijaachia shingo mpaka isafiri mita 600, yaani sekunde 86. Pointi ndefu zaidi, za kilomita 40, hufanya kazi hiyohiyo kwa sekunde 54. Sekunde 32 zinaonekana kama mchezo, ila zizidishe kwa kila treni inayoingia na kutoka asubuhi nzima.

Pointi pia ndizo zinazogoma. Ulimi wa reli ni lazima ubane kabisa ubavuni mwa reli kubwa. Kokoto moja ya ukubwa wa ncha ya kidole ikiingia katikati, mota inasukuma, ulimi unagota, kitambuzi kinakataa kuthibitisha na taa inabaki nyekundu. Mfumo hapo haujaharibika; umekataa kuua watu. Fundi anatembea hadi pale, anaitoa kokoto, anaipeleka pointi huku na huko mara kadhaa. Dakika 25 zimekwisha, na treni nane hazijaingia. Mara nyingi chanzo ni kidogo zaidi ya hapo: mataruma yamezama kwa kokoto kutoshindiliwa vizuri, au vibao vya kutelezea vimejaa mchanga uliogandana na grisi. Kuweka mafundi wawili karibu na shingo saa za msongamano ni nafuu kuliko kipande chochote cha paa hilo.

Vipande vya kutambua treni navyo vina tabia zao. Umeme hupitishwa kwenye reli, na magurudumu ya treni huuunganisha reli hadi reli, ndipo chumba cha ishara kinajua njia ina treni. Maji yakifunika kokoto, au unga wa chuma ukijaa kwenye maungio yenye kihami kinachozuia umeme, njia tupu husomeka ina treni. Vihesabu ekseli, vinavyohesabu vyuma vya kushikia magurudumu vinavyoingia na kutoka kwenye kipande cha njia, haviogopi maji hivyo, lakini kikikosea ekseli moja njia hubaki imefungwa mpaka mtu akisawazishe, na kusawazisha bila kuhakikisha kwamba njia kweli ni tupu ni kucheza na maisha.

Sasa kuhusu muda. Treni ya mwisho ikipita saa sita usiku na ya kwanza ikija saa kumi na nusu alfajiri, makaratasi yatasema kuna saa nne na nusu za kazi. Ondoa muda wa kuthibitisha njia imefungwa, kuzima umeme wa juu na kuufunga ardhini, kubeba vifaa, kisha kurudisha vyote na kupima. Zinabaki kama tatu. Mkandarasi atakayekuahidi kubadili mfumo mzima wa ishara kwa vipande vya saa tatu tatu ama hajui kazi, ama anajua na hasemi. Tarehe 12 Desemba 1988, karibu na Clapham Junction jijini London, watu 35 walikufa kwa sababu waya wa zamani uliachwa bila kukatwa wakati wa kubadilisha mfumo, ukagusana na pale ulipotolewa, na taa haikuwa nyekundu ilipopaswa kuwa. Uchunguzi ulikuta fundi aliyefanya kazi wiki 13 akiwa amepumzika siku moja tu, na hakuna mtu wa pili aliyehesabu nyaya.

Tunaomba mambo matatu. Shingo na ishara zitangulie, paa lifuate. Kazi ya kuhamia mfumo mpya ifanywe kwa kufunga nusu ya stesheni siku kadhaa mfululizo, abiria wakitangaziwa miezi kabla na ratiba ikiwa imepunguzwa kwa makusudi. Stesheni ya London Bridge, jijini London, ilijengwa upya kwa vipande namna hiyo, kazi ikakamilika 2018, na majukwaa ya kupita yakaongezeka kutoka 6 hadi 9. Na kila waya utakaokatwa uhesabiwe na mtu ambaye hakuukata, aweke sahihi yake, kabla treni yoyote haijapewa taa ya kijani.

Wako katika utumishi,

Wapanga ratiba na mafundi wa ishara