Majimbo yasigeuke kuwa "rudini kwenu"

Mhariri,

Kuna barua ilitoka wiki jana ikisema dawa ya Somalia na Sudan Kusini ni majimbo tu, kila watu wapewe kwao wajitawale vita viishe. Mimi majimbo nayaunga mkono tangu zamani, marehemu Ronald Ngala, mwanasiasa, ni wa huku kwetu Pwani na chama chake cha KADU ndicho kilichoyapigania mpaka yakaingia kwa katiba ya Kenya ya 1963, na kufikia mwisho wa 1964 yameshavunjwa. Lakini yule asiye wa kabila la jimbo, yeye ataishi wapi?

Nauliza manake mimi ni wa Likoni. Agosti 1997 kituo cha polisi kilivamiwa bunduki zikachukuliwa, kisha ukaanza msako wa wabara nyumba kwa nyumba, na neno lililokuwa likitajwa ni hilohilo, majimbo. Jirani yetu alikuwa fundi wa nguo, mama wa kutoka Nyanza. Alimwachia mamangu cherehani yake na mashati mawili ya shule ambayo hajayatia kola, akavuka feri na wanawe akasema atarudi mambo yakitulia. Hakurudi. Cherehani iko kwetu hadi leo, mamangu huitia mafuta kila Ramadhani ikikaribia.

Bosnia nayo, Mkataba wa Dayton wa 1995 ulinyamazisha bunduki, na kwa watu waliokuwa wakizika kila siku hilo si jambo dogo hata kidogo. Lakini nchi ilikatwa pande mbili, upande mmoja ukakatwa tena kantoni 10, yaani mikoa midogo, na mji wa Mostar ulikaa tangu 2008 hadi 2020 bila uchaguzi wa baraza sababu Wakroati na Wabosnia Waislamu hawakubaliani kura zigawanywe vipi. Nigeria walichukua njia nyingine, 1967 wakavunja mikoa 4 wakafanya majimbo 12 na leo ni 36, ili kabila moja kubwa lisishike eneo zima likajiona nchi. Vita vya Biafra, vya upande wa mashariki kutaka kujitenga, havikuzuilika kwa hilo, ila tangu viishe 1970 vya aina ile havijarudi.

Sisi tulizika watu zaidi ya 1,100 baada ya uchaguzi wa 2007, ndio tukapata katiba ya 2010 na kaunti 47. Wengi huongea pesa za ugatuzi tu, lakini Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inasema angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi ziende kwa wasio wa kabila kubwa la kaunti hiyo, na kwangu mimi hicho kipengele ndicho amani yenyewe. Jubaland na majimbo mengine ya Somalia wakiandika sheria zao wakitie kipengele hicho, koo ndogo zipate pa kushika. Na hapa kwetu kila kaunti ikiajiri, orodha ibandikwe kwa ofisi ya wadi tuisome, tuone kama mtoto wa fundi kama yule angepata.

Mkaazi wa Likoni,
Mombasa