Barua kwa Shangazi, kutoka Colmar

Shikamoo Shangazi,

Natumaini wote hamjambo na goti la Bibi limepata nafuu. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku haina adabu. Uliniuliza kwenye simu kama Wafaransa bado wanasali au makanisa yote wameyageuza makumbusho. Yote mawili yapo. Leo nikupe habari za mchoro mmoja tu, maana mbele yake nilikukumbuka wewe na miaka yako ya wodini.

Uko Colmar, katika makumbusho ya Unterlinden, iliyokuwa nyumba ya masista Wadominikani. Ila haukutengenezwa kwa ajili ya hapo. Matthias Grünewald, Mjerumani, aliuchora kati ya 1512 na 1516 kwa ajili ya altare ya watawa wa Mtakatifu Antoni, yule mkaa-pweke wa jangwani Misri, huko Isenheim, kusini kidogo mwa mji huu. Watawa wale kazi yao ilikuwa kuuguza, hasa ugonjwa ulioitwa moto wa Mtakatifu Antoni. Mtu anaungua ndani kwa ndani, anaona mazuka, kisha vidole na miguu inakuwa myeusi, inaoza, inakatika. Chanzo kilikuwa kuvu inayoota kwenye rai, nafaka ya mkate wa maskini. Wenyewe hawakujua. Walimpa mgonjwa mkate mzuri wa ngano, wakampaka dawa ya mitishamba, wakamnywesha divai iliyomiminwa juu ya masalia ya mtakatifu. Mkate ule ndio uliosaidia kweli, nadhani.

Na walimpeleka mbele ya altare. Hapo sasa! Huyo Yesu msalabani, Shangazi, hajapambwa hata kidogo. Ngozi imegeuka kijani, vijiti vya miiba vimemng'ang'ania mwili mzima, vidole vimekakamaa vimetanuka, miguu imevimba. Mgonjwa wa Isenheim alikuwa akimtazama mgonjwa mwenzake. Kando yake amesimama Yohane Mbatizaji, ambaye wakati huo alishakatwa kichwa zamani, akinyoosha kidole kirefu kumwonyesha. Mchoraji hakujali kalenda.

Altare yenyewe ina milango ya mbao inayofunguka mara mbili. Siku za kawaida uliona upande wa msalaba tu. Sikukuu ikifika wanafungua, unakuta Noeli, na miguuni pa Bikira Maria kuna beseni la kuogea na poti ya mtoto, kama kwa mzazi yeyote. Upande wa pili Kristo anafufuka, mwili mweupe laini, vile vidonda vyote vimekwisha, yamebaki majeraha matano tu. Siku hizi wametenganisha mbao zile ili watu wazunguke waone zote kwa mkupuo. Ni rahisi kwetu watalii, lakini mimi naona wametunyima ile hamu ya kungoja sikukuu.

Ukifungua mara ya pili unakuta sanamu za Niclaus wa Haguenau, Antoni mwenyewe ameketi katikati, na chini yake watu wanamletea jogoo na nguruwe. Watawa wale waliishi kwa sadaka, na hawakuwa maskini, usije ukadhani.

Lakini kilichonisimamisha ni mchoro ulio pembeni mwa sanamu hizo. Antoni ameangushwa chini, mashetani wanamvuta nywele. Kwenye kona ya kushoto ameketi kiumbe tumbo limevimba, majipu mwili mzima, mkono umebaki kigutu. Kona ya kulia kuna kikaratasi cha Kilatini: "Ulikuwa wapi, Yesu mwema, ulikuwa wapi? Mbona hukuwapo uniponye majeraha yangu?" Ni maneno ya Antoni kwenye masimulizi ya maisha yake, lakini fikiria anayesomewa amelala hapo bila mguu. Mapadre waliolipia kazi hii waliruhusu lalamiko la mgonjwa likae juu ya altare, wala hawakumwambia anyamaze avumilie. Nimeona michoro mingi ya dini huku, yenye dhahabu mpaka macho yanauma, na mingi imetoka kichwani kabla sijafika mlangoni.

Nimetuma picha kwenye simu ya Kaka, akuonyeshe kwa kuzikuza. Mtazame vizuri yule wa kona ya kushoto. Wataalamu wengi wanasema ni moto wa Antoni, ila mimi majipu yale yananitatiza. Wewe uliyefunga vidonda miaka yote hiyo unaonaje? Nijibu kabla ya Pasaka, na umwambie Bibi ile dawa ya kuchua nitampa mtu anayekuja mwezi ujao.

Wasalimie wote.

Ni mimi mtoto wako.