Kijiti cha mate kimesema hasi, sasa mnirudishie hela

Jumatatu mteja aliingia maabara na karatasi ya majibu kaikunja mara nne. Yuko kwenye ARV, dawa za VVU, mwaka wa tatu. Nyumbani kajipima kwa mate, ukatoka mstari mmoja. Kwetu alilipia kipimo cha wingi wa virusi kwenye damu, jibu likaja "havionekani". "Kumbe sina kitu, na nyie mmenila hela." Ni wa nne mwaka huu, basi tuandike.

Kijiti cha mate hakitafuti virusi, kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza dhidi ya virusi. Mtu aliye kwenye dawa, hasa aliyeanza mapema, kingamwili zake zinaweza kupungua hadi kijiti kisizione. Ndiyo maana aliye kwenye dawa hashauriwi kujipima. Sisi tunahesabu virusi vyenyewe kwenye plazma, yaani majimaji ya damu, na "havionekani" ni kwamba viko chini ya uwezo wa mashine, si kwamba vimeisha. Vingine vimejificha kwenye seli, vinangoja uache dozi. Kijana mmoja aliacha kwa sababu ya kijiti hichohicho. Aliporudi virusi vilikuwa makumi elfu kwa mililita.

Wengine huuliza: "Mbona mnapima damu tu, na mbegu je?" Si ujanja wa bei. Dawa ikifubaza virusi kwenye damu, kwenye shahawa na ute wa ukeni navyo hushuka. Mara chache masalia huonekana kwenye shahawa wakati damu iko safi, lakini utafiti wa PARTNER (2016 na 2019) uliwafuatilia wenza waliofanya ngono bila kondomu, mmoja akiwa na VVU vilivyofubazwa, na haukukuta hata ambukizo moja lililotoka kwa mwenza huyo. Kwa kitandani, damu inatosha.

Kunyonyesha ni habari nyingine. Mama mmoja alituletea maziwa yake kwenye chupa ya soda, kafunga na nailoni, tuyapime. Mama akimeza dawa, hatari ya kumwambukiza mtoto hushuka sana, ila haifiki sifuri, maana maziwa yana seli zinazoweza kubeba virusi hata plazma ikiwa safi. Tulimrudisha kliniki, kwa ajili yake na dawa ya mtoto.

Bei? CTC, kliniki ya huduma na matibabu ya VVU, ni bure, na tunasema hivyo mapokezini. Kwetu unalipia kuchotwa damu vizuri, kichupa cha zambarau kinachozuia damu isigande, plazma kutenganishwa mapema na boksi la barafu. Mmoja alikwepa ada, akatolewa damu na jirani, akaleta kichupa chekundu, damu imeganda kama maini. Alimlipa jirani, akalipa bodaboda, kisha akatulipa sisi.