Krispi Zimevimba Nairobi

Saa moja asubuhi picha iliingia kwenye simu ya ofisi yetu, sisi tunaosafirisha mizigo ya vyakula kutoka Zanzibar: pakiti za krispi za muhogo zimetuna kama puto, katoni nzima, na chini yake mnunuzi wa Nairobi ameandika neno moja, "Zimeharibika." Saa nne haijagonga mwenye mali keshafika kwetu, mama mmoja wa Fuoni, hapa Unguja, anayekaanga mwenyewe uani kwake. Kiti tulimpa, hakukaa.

"Mwanangu, mali yangu mmeniozeshea njiani."

Hatukuiozesha, na muhogo wake ulikuwa mzima. Mama anaziba pakiti Fuoni, karibu sawa na bahari. Nairobi iko juu, kiasi cha mita 1,700. Kule hewa ya nje haikandamizi pakiti kwa nguvu ya huku kwetu, basi ile iliyofungiwa ndani inatanuka kama sehemu moja ya tano hivi. Pakiti iliyojazwa hewa hapa mpaka ikakaza kama ngoma, ikishapita Arusha inatuna, na ikifika Nairobi mshono unatafuta pa kuachia. Tulimwomba mnunuzi afungue moja simu ikiwa hewani, atafune. Tukasikia inavunjika. Akapokea mzigo wake. Siku hizi mama huikamua hewa kwa kiganja kabla ya kuziba. Pakiti inaondoka Unguja imelegea kidogo, inafika imenyooka.

Lakini msije mkaichukua habari hii mkaipeleka kwenye chupa za achari. Kifuniko cha chupa kikivimba, au ukifungua ikatoka povu, usisingizie milima. Hiyo inachacha: siki haikutosha, au chupa haikuchemshwa sawasawa. Usionje. Sisi achari tunailaza ubavu juu ya gazeti siku tatu kabla ya kuipakia. Doa la mafuta likitokea kwenye gazeti, chupa hiyo inarudi kwa mwenyewe. Wapo wanaolalamika kwamba tunawachelewesha. Heri doa lionekane kwenye rafu yetu kuliko Namanga, mpakani na Kenya, ambako chupa moja iliyovuja imeshalowesha lebo za katoni zote za chini yake.

Na lebo ndiyo inayotupa kazi kuliko bahari na barabara. Watu husema: chakula kikavu hakina neno, hakitaki barafu, kipakie kiende. Afisa wa mpakani haangalii ukavu. Anaangalia katoni, maandishi yaliyo juu yake na karatasi aliyopewa, na anataka vyote vitatu viseme jambo moja. Mwaka wetu wa kwanza tuliandika kwenye ankara "vyakula mchanganyiko, katoni 46". Ndani mlikuwa na ubuyu, visheti, achari na masala ya pilau, na kila kimoja kina namba yake ya ushuru. Lori lilikaa siku nne. Kosa lilikuwa letu, tukalilipia sisi, na wenye mali waliochangia lori lile, ambao wengine ankara zao zilikuwa safi kabisa, walisubiri pamoja na sisi. Ndiyo maana leo ukituletea "vyakula mchanganyiko" tunakurudisha nyumbani ukaandike upya, na ukinuna, nuna.

Kiwango cha lebo cha Afrika Mashariki, EAS 38, hakina maajabu: jina la chakula, viungo vyote, uzito halisi bila ya pakiti, jina na anwani ya mtengenezaji, nchi, namba ya toleo, tarehe ya mwisho wa kutumika, namna ya kuhifadhi. Wengi huanguka kwenye viungo. Ubuyu haukuzaliwa mwekundu. Ile rangi ni kiungo, nayo iandikwe kwa jina lake. Wengine huanguka kwenye tarehe. Usiku wa baridi wa Kilimanjaro ukifuatwa na jua la mchana juu ya turubai, katoni hutoka jasho, na tarehe uliyoiandika kwa kalamu ya wino inakuwa wingu la buluu. Ichapishe. Nembo ya ZBS, taasisi ya viwango ya Zanzibar, na vibali vya ZFDA, wakala wa chakula na dawa, tunavidai kabla hatujapima uzito.

Kashata za karanga nazo zinataka cheti cha maabara cha sumukuvu, ile sumu ya ukungu. Kenya haina mchezo na jambo hilo. Machi 2021 ilisimamisha hata mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyo hiyo, kisha ikayafungulia kwa masharti.

Kuna swali la ushuru, na hapa hutokea ugomvi. Bidhaa iliyotengenezwa kwetu huingia nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki bila ushuru wa forodha ikiwa na cheti cha uasili, karatasi ya kuthibitisha imetengenezwa wapi. Mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, kama bidhaa imo kwenye orodha iliyokubaliwa, una cheti chepesi kinachotolewa pale pale mpakani. Lakini tende za Oman ukizitia kwenye boksi zuri lenye picha ya Mji Mkongwe zinabaki tende za Oman. Kufungasha hakubadilishi asili. Na cheti hakifuti kodi ya ongezeko la thamani ya unakopeleka: Kenya asilimia 16, Uganda na Rwanda 18. Zambia haimo katika Jumuiya. Mzigo wa Tunduma, mpakani na Zambia, unatumia cheti cha SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, na lebo yake iwe na Kiingereza pia.

Rambo, mifuko ya plastiki ya kubebea, usitie, hata ndani ya katoni. Rwanda ilizipiga marufuku tangu 2008, Kenya 2017, Bara 2019, na huku kwetu tulitangulia Kenya na Bara. Pakiti ya kiwandani iliyozibwa ni kitu kingine.

Wenzetu wa Pemba wana njia yao. Halua ya Wete inayokwenda Mombasa haina haja ya kuzunguka Dar. Inavuka hadi Tanga, inapita mpaka wa Horohoro, na kwa kuwa Mombasa nayo ni pwani, hakuna kinachotuna. Adui wa halua ni joto. Ikikaa chini ya turubai mchana kutwa inatoa samli, basi tunaipanga chini, katikati, mbali na mabati ya lori.

Kabla hujachapisha lebo elfu moja, tuletee pakiti moja tuiangalie. Hatutozi kitu.

Karafuu hatuchukui. Biashara yake iko mikononi mwa ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, na kila msimu hakosi mtu wa kujaribu kufukia kibaba cha karafuu nzima katikati ya katoni ya masala. Katoni zote za masala tunazifungua, na karafuu huanza kunuka kabla gundi haijabanduka.